Simu ya Upepo Imemkata Baba Mkwe

Mama Mshauri, shikamoo. Nisaidie, mwanao nimekwama.

Mimi ndiye ninayeongea na madereva kwa simu ya upepo katika kampuni ya malori ya Bwana Hozefa hapa Isaka, na mwaka huu tumeletewa mtambo mpya, yaani Mama, ni mtambo haswa, kila lori lina namba yake na likiita namba inajitokeza kwenye kioo kabla dereva hajafungua mdomo, ukitaka unaongea na lori moja wengine wasisikie, ukitaka unawaita wote kwa pamoja, na kuna namba ya siri ya kuingilia kwenye mipangilio tunayoijua mimi na bosi tu, fundi aliponifundisha nilisahau hata kula. Sasa njia ilikuwa inajaa salamu, huyu anauliza ng'ombe, yule anauliza mvua ya Tinde, mwenye pancha hapati nafasi, ndipo nikaingia kwenye mipangilio nikauamuru mtambo umkate yeyote anayezidisha nusu dakika, na kweli njia ikawa nyeupe, bosi akanisifu.

Kumbe wa kwanza kukatwa ni Mzee Masele, dereva wetu mkongwe, baba yake mchumba wangu Donatus. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza salamu za Kisukuma, taratibu kama kawaida yake, "Mwangaluka, mwanangu, nyumbani mhola? Na mama yako huko Ushirombo..." nusu dakika ikaisha, mtambo ukamkata, na madereva wote walikuwa wanasikia, wakacheka. Tangu hapo nikimwita haitikii, na amemwambia Donatus, "Anayenikatia salamu mbele za watu hawezi kuja kupika kwangu," na washenga waliokuwa waje kwetu amewazuia. Nampenda Donatus, na mtambo nao naupenda. Niuondoe mpango huo bosi akasirike, au nimkose mume?

Serafina, Isaka

Serafina, marahaba. Kwanza hongera. Mimi hapa Shinyanga simu ya mezani tu inanitoa jasho, wewe unaongoza malori mpaka mpakani! Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha.

Lakini binti, ulimwambia nani? Mtambo uliupanga vizuri, watu hukuwaambia neno. Mzee hajui habari za mipangilio. Alichosikia ni mkwe anamnyamazisha, na wenzake wanacheka. Ningekuwa yeye ningenuna pia.

Mpango wako usiuguse, mwenye pancha anauhitaji. Wala usimfungulie mzee peke yake, watasema unapendelea ukweni. Lori lake likiingia yadi, toka ofisini, mpigie magoti hapo hapo kwenye vumbi, mbele ya wale wale waliocheka. Sema, "Baba, niliyepanga ni mimi, sikukueleza, nisamehe." Usiusingizie mtambo. Halafu mkaribishe ndani, ashike kipaza sauti aongee mpaka akatwe mwenyewe, wewe ukiwa umekaa mbali, aone kwamba haukumchagua yeye. Kisha waite madereva wote uwaeleze kwamba njiani ni taarifa tu, salamu ni yadi.

Ila kabla ya yote hayo, mwache kwanza, hapo yadi ana kwa ana, amalize salamu yake. Amuulizie mama, aulizie mihogo, aulizie ng'ombe mmoja mmoja. Mtambo ukiita, uache uite.