Uji wa Wifi Zuhura

Jumatano, 14 Mei. Asubuhi mawingu na manyunyu.

Mama mkwe amekataa uji tena, na dawa bila chakula anaitapika. Daktari alisema asipokula leo, kesho arudi wodini. Nilimbembeleza na kijiko mpaka nikakasirika.

Mchana akaja wifi Zuhura kutoka Buguruni. Akajimiminia uji uleule, usio na sukari wala chumvi, akaketi kitandani kwa mama, akanywa kimya.

“We Zuhura! Unakula peke yako mbele yangu? Nilikufunza hivyo?”

“Basi karibu, mama.”

Mama akapokea kikombe, akamaliza. Vidonge navyo vikatulia tumboni.

Mie nilikuwa namlisha kama mtoto, mtu aliyezoea kula sinia moja na wenzake. Zuhura ana akili, jamani.

Kesho nitakunywa naye. Nalala saa nne na nusu.