Tumekwenda Kaole, Tumechelewa

Jumamosi, Novemba 1975.

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikarudi. Nguo nilizoanika juzi bado zina unyevu na zimeanza kunuka.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na mwili. Mwili ni mzima. Nimekula mchana, nimekula jioni. Lakini tangu wiki iliyopita niko kama mguu uliokufa ganzi, ila si mguu, ni mimi mzima. Ukinifinya nitaona mkono unafinywa, basi.

Leo tumekwenda kwa Hamisi.

Niandike kwanza sisi ni nani, maana nikija kuyasoma haya uzeeni huenda nitakuwa nimesahau. Tuko wanne katika kitengo chetu cha takwimu pale chuoni. Mkuu wetu ni Daktari Mkude, daktari wa vitabu, si wa sindano, Mluguru mrefu anayetembea ameinama kama anatafuta kitu alichodondosha. Bi Zuhura ndiye anayetoboa kadi, zile ambazo kompyuta inasoma matundu yake. Ni mtu mzima, mwenyeji wa Bagamoyo mjini, na vidole vyake vinakimbia kuliko macho yangu. Mimi Felista nazikagua kadi zake na kuandika maelekezo ya kompyuta. Hamisi ndiye mwenye kompyuta yenyewe. Anaiwasha, anaifungia kanda, anaisikiliza. Anajua ikiumwa kabla haijazima.

Mwaka mzima tumekuwa na kazi moja. Vijana wetu walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya pwani, kutoka Bunju mpaka ng'ambo ya Bagamoyo, wakawauliza akina mama wana watoto wangapi, wanakunywa maji gani, watoto wanaugua nini. Majibu yakaja kwenye karatasi, yakaingia kwenye kadi, kadi zikaingia kwenye kanda moja ya sumaku iliyoviringishwa kama sahani. Kadi zilikuwa zimejaza chumba na panya walishaanza kuzaa ndani yake, tukaziondoa zikachomwa. Tuliona hatuzihitaji tena.

Wiki juzi, Jumapili, mtoto wa Hamisi alifariki. Salma, binti yake mdogo, wa miaka minne. Homa ya siku moja na degedege. Akazikwa Kaole, kwao, ambako mke wa Hamisi anaishi na mama mkwe wake.

Hatukwenda kuzika.

Ripoti ilikuwa inatakiwa mwisho wa mwezi. Daktari alisema tutakwenda wote tukimaliza, twende vizuri, tukae. Hakuna aliyebisha. Jumanne kompyuta ikagoma, na hakuna mwingine anayeijua. Daktari akampa ujumbe kondakta wa basi la Bagamoyo: Hamisi aje, japo kwa siku mbili. Aliyasema hayo mbele yetu. Bi Zuhura aliinua macho, akayarudisha kwenye kazi yake. Mimi nilikuwa nachonga penseli.

Jumatano Hamisi akaja. Amevaa shati safi, lililopigwa pasi. Tukampa pole mlangoni, akasema ameshapoa, akaingia ndani kwenye mashine. Mchana ikawa inafanya kazi. Alhamisi akaanza kutoa nakala ya akiba, ili ikitokea kanda moja imeharibika, tuwe na ya pili. Kanda tupu na kanda iliyojaa zinafanana kwa sura. Akazipishanisha. Ile tupu ikanakiliwa juu ya ile iliyojaa, ikafuta kila kitu, na mashine ilifanya hivyo bila kusita, kwa sababu ndivyo ilivyoambiwa.

Nakumbuka alivyotoka mle ndani. Hakupiga kelele. Alisema, "Felista, hebu njoo uone," kama mtu anayekuita uone mjusi ukutani.

Jioni ile akapanda basi, akarudi Kaole. Hajaja tena.

Wiki hii yote mkuu wa kitivo amekuwa akimwita Daktari. Anataka jina. Jumatatu asubuhi apelekewe jina la aliyeifuta kanda, kisha ataamua kama kitengo kiendelee au tugawanywe, kila mtu apelekwe idara nyingine. Jana Daktari akatuambia kwamba leo tunakwenda Kaole. Hakusema tunakwenda kuhani msiba au tunakwenda kumhoji mtu. Nadhani mwenyewe alikuwa hajui.

Tuliondoka asubuhi na Landrova ya chuo, Daktari akiendesha. Baada ya Bunju barabara ilikuwa tope tupu. Tulikwama mara mbili, mara ya pili nikashuka kusukuma, viatu vyangu vikabaki kwenye udongo na nikaenda kuvichomoa. Bi Zuhura alikuwa ameniletea kanga. Alinifunika kichwa mwenyewe kabla hatujafika, akaninong'oneza, "Ukiingia kaa chini kwenye mkeka, usingoje kiti. Na usiseme mengi."

Nyumba ya kina Hamisi iko kati ya minazi, ya udongo, imeezekwa makuti mapya upande mmoja. Hamisi alikuwa barazani. Alipotuona alisimama na kuvuta benchi, akalifuta kwa kiganja. Alikuwa na ndevu. Sikuwahi kumwona na ndevu.

Daktari alisema, "Hamisi, pole sana na msiba."

"Tumeshapoa, Daktari. Karibuni. Poleni na njia."

Sisi wanawake tukapita ndani.

Mama yake Hamisi alikuwa kitandani, hajisikii vizuri. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Mke wa Hamisi, Mwajuma, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Mtoto mkubwa, wa kiume, alikuwa amelala nyuma yake ameshika upindo wa kanga yake. Bi Zuhura akashika mkono wa Mwajuma, akasoma dua kama wanavyosoma watu wa kwao, taratibu, majina ya Mungu yakifuatana. Nilimwona machozi yanamdondoka. Mimi nilikaa. Nikavuta sinia upande wangu, nikaanza kuchambua mchele na mimi.

Tulichambua muda mrefu hivyo. Kisha Mwajuma akaniuliza, bila kuinua uso:

"Nyinyi ndio wa mashine?"

"Ndiyo, dada."

"Mbona mlimwita?"

Bi Zuhura alinitazama. Nilijua jibu lipo la adabu, sikulipata.

"Mashine iligoma," nikasema. "Hakuna mwingine anayeijua."

Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka kando.

"Aliondoka watu bado wanalala hapa uani," akasema. "Wajomba zangu wakasema, huyu mtu ana nini? Mimi nikawaambia mwacheni. Nilimwona anavyozunguka hii nyumba. Kila akigeuka anaona kitu chake Salma." Akatoa jiwe jingine. "Na hicho alichokipoteza huko ni kitu gani? Hanielezi. Anasema tu nimepoteza kazi ya watu."

Nikamweleza. Nilisema ni majibu. Vijana wetu walipita vijijini wakiuliza habari za watoto, na majibu yote yalikuwa yamewekwa mahali pamoja, ndipo yakafutika.

"Walipita na hapa," akasema. "Kijana mmoja mweusi, mpole, ana miwani. Aliniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia wawili. Akauliza wanakunywa maji ya wapi. Salma akamletea hayo maji kwenye kata, akayanywa."

"Ndiye huyo."

"Kwa hiyo na sisi tumefutika?"

"Kwenye mashine, ndiyo. Lakini karatasi zenyewe tunazo, ziko stoo. Tutaanza upya kutoka kwenye karatasi."

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza. Ana macho makubwa, mekundu pembeni.

"Humo kwenye karatasi bado nina watoto wawili?"

"Ndiyo, dada."

"Mnaporudia, mtanibadilisha?"

Nilimwambia hatubadilishi. Tunaandika kama ilivyoandikwa siku ile.

"Basi msinibadilishe," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Bi Zuhura alitoka akaenda uani. Mimi nilibaki. Nilingoja kitu kitokee kifuani mwangu, kwa sababu nilijua kabisa kwamba hapo ndipo mahali pake. Hakikutokea. Niliona mikono yangu inaendelea kuchambua. Nilihesabu kwamba mchele umebaki kidogo.

Najiuliza kama huu ni ubaya wa roho.

Tulipotoka, Daktari na Hamisi walikuwa kwenye benchi, mmoja huku mmoja kule, kama watu wanaosubiri gari. Daktari akatuomba tukae, akasema anataka tusikie na sisi.

"Nimemwambia Hamisi kwamba Jumatatu nitakwenda kusema jina langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwita. Mtu aliyetoka kuzika hawekwi kwenye mashine. Kosa ni langu, na nitalibeba."

Nilidhani Hamisi atashukuru. Yeye aliinama akawa anabandua tope kwenye kidole cha mguu. Kisha akasema:

"Daktari, nakuomba usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Mimi nilitaka kuja. Kondakta alipofika na ujumbe wako nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi. Nilioga, nikapiga pasi shati. Nilitaka nikakae mahali ambapo hakuna mtu atakayenishika bega." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ile anayoitumia kutwambia mashine imepata joto. "Kanda nimeifunga mimi, kwa mikono hii. Ukisema si mimi, watu watasema Hamisi hakuwa na akili zake. Nilikuwa nazo. Nilikosea tu. Mtoto wangu asiwe udhuru."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa upande wa shati. Aliifuta muda mrefu mno.

"Watakuachisha kazi," akasema.

"Waniachishe."

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Alisikia yote. Akasema kwa Daktari, kwa heshima, lakini bila kumpamba: "Mzee, kazini hatakwenda sasa. Safari hii mkimwita, mimi ndiye nitakayejibu. Atakaa hapa mpaka mwenyewe aweze kuingia chumba cha mwanawe." Kisha akatuambia tusiondoke, wali unapikwa.

Hamisi hakumpinga. Alisogea kidogo kwenye benchi, Mwajuma akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona mabega ya Hamisi yameshuka. Daktari akasema, "Sawa, mama. Hatutamwita."

Tulikula. Wali na kisamvu, na samaki wa kukaanga aliyeletwa na jirani. Hamisi alimchambulia yule mwanawe wa kiume miiba, mmoja mmoja. Hatukuzungumza habari za mashine tena, isipokuwa mara moja tu, tulipokuwa tunanawa, akanisogelea akaniambia, "Ikikupigia kelele upande wa kulia, usiizime. Ngoja, itanyamaza yenyewe. Unaijua, Felista, unaogopa tu." Nikasema nimesikia.

Njiani kurudi mvua ilikuwa imekatika. Bi Zuhura alianza kusema alipokwisha kuona Daktari haanzi. Alisema yeye ni mtu wa Bagamoyo, Kaole ni mlangoni kwao, na katika umri wake wote hajawahi kukosa msiba wa jirani. "Huu niliukosa kwa ajili ya ripoti," akasema. "Jumatatu nitaanza na kadi za Kaole. Nitaitoboa ile ya Mwajuma mimi mwenyewe, wewe Felista utaikagua." Nikasema sawa. Tulipofika mjini Daktari akanishusha karibu na kwangu, akanishukuru kwa kusukuma gari.

Sasa ni jioni. Nimeosha viatu, nimevijaza magazeti vikauke. Mwenye nyumba ameniletea uji, nimeunywa. Nimejaribu kulia, jambo ambalo ni la kipuuzi ukiliandika. Nimekaa kitandani nikamfikiria yule mtoto na kata yake ya maji. Nimeona kata, nimeona maji. Yeye sikumwona, kwa sababu sikuwahi kumjua, na kwa sababu siku ya kumzika nilikuwa kwenye kiti changu.

Nimeamua jambo moja. Jumatatu Daktari akipanda ngazi kwenda kwa mkuu wa kitivo, nitapanda naye. Sijaitwa, lakini nitapanda. Nikiulizwa nitasema Hamisi ndiye aliyeifunga kanda, kwa sababu ameomba asinyang'anywe hilo. Nitasema Daktari ndiye aliyemwita. Nitasema mimi na Bi Zuhura tulikuwa chumbani ujumbe ulipotolewa, na hatukusema mwacheni. Yote hayo ni kweli, na mkubwa yule anataka jina moja.

Sijui kama nitaogopa. Ningependa niogope.