Daktari wa Ulezi

Majengo, Sumbawanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nianze na wewe: kichwa bado kinakugonga? Na miguu, imepungua kuvimba? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Usishangae mwanao anaandika barua wakati simu unayo. Sababu utaiona chini.

Jovina amerudi salama kutoka likizo huko Msanzi. Ameniambia alivikuta vidonge vyako vya presha kwenye kopo, huvigusi tangu mwezi uliopita, kwa kuwa Daktari Evaristi amesema kwenye ile sauti ya WhatsApp kwamba uji wa ulezi unatosha. Ulimwambia utavirudia siku daktari mwenyewe atakapokuambia. Kwa ubishi, Mama, hujambo!

Nilidhani mdogo wangu atalia. Hakulia. Alisema kwenye klabu ya afya shuleni wamefundishwa kuiuliza kila habari ya tiba inayoingia kwenye simu: anayesema ni nani, amejuaje, na anauza nini? Akachukua daftari, akaanza kumsaka daktari wako. Alimpigia mama mdogo Marsiana wa Kipili, aliyekutumia wewe, akamwuliza naye alitumiwa na nani. Marsiana akamtaja mwanakwaya mwenzake, mwanakwaya akamtaja muuza dagaa, jina kwa jina, siku tisa. Watu kumi na saba, Mama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo daktari! Mimi nina simu miaka kumi, sijawahi kuwaza kwamba uvumi unaweza kufuatwa nyayo kama mbuzi aliyepotea. Nilimtazama binti wa kidato cha tatu nikaingiwa na hofu, ile hofu ya kanisani.

Jumamosi alikuja dukani kwangu, akaliweka daftari juu ya gunia la ulezi wako, akalifungua. Jina la kumi na nane lilikuwa langu.

Mama, Daktari Evaristi ni mimi. Nilitaka unga wa ulezi wa shamba lako uuzike haraka, nikajirekodi, sauti nikainenepesha kwa simu. Sikujua itazunguka mpaka ikufikie wewe. Ndiyo maana naandika, maana sauti yangu umeshaisikia ikidanganya. Wote waliomo kwenye daftari nimewaomba radhi. Naona aibu, hata sijui nitakutazamaje.

Ulisema unamsubiri daktari mwenyewe. Basi ndiye huyu, hana cheti, anakupigia magoti: uji kunywa, lakini kesho nenda zahanati wakupime, na vidonge uvimeze kama watakavyokuelekeza.

Wasalimie majirani wote. Jovina ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameniuliza yale maswali yake matatu, ndipo akaniruhusu niitume.

Mwanao, asiye daktari,
Vicent