Waya wa Breki Ndani ya Santuri ya Baba

Keko, Temeke

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Hiyo naiandika kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa, basi. Mnaendeleaje huko Tabora? Kifua cha baba kimetulia hata kidogo, au bado analala amekaa? Sie huku wazima. Mke wangu Mwajuma anavika makochi vitambaa, mie na randa yangu kama kawaida. Ningekupigia simu, lakini wewe ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao mbovu. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Santuri ya baba, ile gramafoni ya kuzungusha hendeli, niliipokea stendi, haikupata hata mkwaruzo. Ulisema, "Mdogo wangu, mzee hataki kufa kabla hajaisikia tena. Fanya haraka." Nikaacha meza ya mteja, nikaanza siku hiyohiyo.

Kaka, mashine hii ina kisirani! Springi yake ni utepe wa chuma mrefu kuliko chumba changu, umekunjwa ndani ya kopo. Ulinifyatukia ukanichana kiganja, damu ikachanganyika na grisi. Kuurudisha unaukunja mzunguko kwa mzunguko, na ukilegeza kidole kimoja tu, umekwisha, unaanza upya. Nimeanza upya mara nne. Na vidole vyangu unavijua, viwili havikunjiki.

Mwajuma akaniuliza, "Hivi hasa alikuvunja kwa nini?" Nikamwambia baba alinivunja kwa mchi kwa sababu niliiharibu santuri. "Uliiharibuje?" Nilizungusha hendeli tu. Ikalia kraa, ikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nawe ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, mimi nilimkataza." Wiki ileile nikatolewa shule, nikapakiwa treni kuja Dar kwa mjomba, nayo santuri ikapandishwa juu ya kabati, haikuguswa tena.

Sasa sikia. Ncha ya ndani ya springi, pale inaponasa kwenye mhimili, ilikuwa imekatika kabla sijaigusa siku ile, na mtu akaifunga kwa waya wa breki ya baiskeli. Umesokotwa kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu nani alikuwa akitengeneza baiskeli za watu uani? Na wa kushoto alikuwa nani? Uliivunja wewe, ukaifungafunga, ukaniacha niizungushe. Nililia kama mtoto, wallahi, halafu nikacheka mpaka Mwajuma akaogopa.

Nimetoboa tundu jipya, springi inashika. Iliyonitoa jasho ni gavana, ile inayozuia sahani isikimbie: vijiuzito vitatu juu ya vibati vyembamba, kimoja kikipinda kidogo tu sauti inayumba. Siku tatu nafunga na kufungua! Jana ikaimba taarabu ileile ya baba, safi, hadi mafundi wenzangu wakazima mashine zao wasikilize. Nimeirekodi kwenye simu sekunde tano tu, nitakutumia, usije ukasema nakudanganya.

Lakini kwenye basi naweka sanduku, pembe ya kutolea sauti na springi. Gavana nimeifungua, ninayo mie. Bila hiyo, ukizungusha hendeli sahani itakwenda mbio kama feni, na huko Tabora hakuna wa kuichonga. Waya wako nimeufunga kwenye hendeli. Mpe baba aushike, umweleze ni wa nani, na shangazi awepo. Shangazi akinipigia kwamba umesema, gavana inapanda basi siku hiyohiyo.

Mwajuma anasema nina roho mbaya, namtesa mgonjwa kwa kosa lako. Ni kweli, namtesa. Kila nikifikiria anavyohema nataka kukimbilia stendi. Halafu nashika bisibisi kwa vidole hivi, hasira inanirudia. Hapana, kaka. Ukinyamaza atakufa hajaisikia, na safari hii huna wa kumsingizia.

Nisalimie shangazi aliyenifunga vidole kwa kanga yake mwenyewe. Shemeji, mkeo, mwambie sina neno naye. Watoto wako nawapenda, hawana habari na haya.

Baba usimpe salamu zangu kabla hujamwambia.

Mdogo wako,
Rajabu