Mama Haamini Kwamba Uvimbe Wake Si Saratani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya tarehe 13 Mei, kwa sababu siku hiyo mama yangu anatakiwa kufanyiwa upasuaji na yeye amesema haendi. Mimi ni mkulima wa mboga hapa Lushoto, nina miaka arobaini na moja, nilimaliza kidato cha nne, na tangu nikiwa kidato cha pili ninaandika daftari la kila siku, tarehe, mvua, nilichopanda na kilichotokea nyumbani, kwa hiyo haya ninayokuandikia sijayatoa kichwani, nimeyanakili, ingawa mengine natamani nisingeyaandika.

Jumapili tarehe 9 Februari mwaka huu tulikuwa tunarudi kanisani, na mama alisimama mara tatu kwenye mlima wetu, ule ambao siku zote anaupanda mbele yetu huku akitucheka, akashika mti na kuvuta pumzi kwa sauti, na alipolegeza kitambaa shingoni nikaona uvimbe upande wa kulia, chini ya koo, mkubwa kama kiazi cha mbegu. Nilipomuuliza umeanza lini alisema, "Huu? Huu ni mgeni wa siku nyingi, tumeshazoeana." Jumatano tarehe 5 Machi nilimpeleka hospitali, wakampiga altrasaundi, wakachukua sampuli kwa sindano, na Jumatano tarehe 19 Machi tukaitwa kuchukua majibu. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, alitukalisha wote wawili, akamtazama mama na sio mimi, akasema, "Mama, uvimbe huu uko kwenye tezi ya shingo, na majibu yanaonyesha si saratani, ila umekua mpaka unabana njia ya hewa, kwa hiyo tunatakiwa kuutoa." Aliposikia kwamba mama ni mkulima akamfafanulia kwa mfano wa shambani, kwamba uvimbe wa aina hii ni kama kiazi, unanenepa palepale ulipo na kusukuma udongo pembeni, unaweza kuuchimbua mzima, lakini saratani ni kama majani ya sangari, inapita chini kwa chini ikiingia kwenye mizizi ya wenzake, na kipande kikikatika kikaenda mbali kinaota huko.

Mama aliitikia kila neno, akamshukuru, akambariki. Tulipotoka nje alinishika mkono akaniambia kwa Kishambaa, taratibu, kama anambembeleza mtoto:

"Daktari wako umemfundisha vizuri. Amesema bila hata kupepesa macho."

"Mama, hakuna aliyemfundisha."

"Najua, mwanangu. Najua. Twende tukanywe chai."

Tangu siku ile ananionea huruma mimi, Mshauri. Ananiwekea mahindi ya kuchoma, anamwambia mke wangu asinisumbue maana nina mzigo moyoni, amemgawia vitenge viwili, amemwonyesha mitungi ya mbegu za maharage na ipi ipandwe kwanza, na kila ninaposema si saratani ananipigapiga begani na kuniambia, "Ndiyo, baba, si saratani, kula." Upasuaji ulipangwa tarehe 14 Aprili. Jumamosi tarehe 12, tukiwa tunapalilia karoti, akasema hatakwenda, kwa sababu saratani ikiguswa na kisu inaamka, na akanitajia mzee Rajabu wa bondeni aliyepasuliwa akafa kabla ya miezi miwili. Nikarudia habari ya kiazi na sangari. Akanyoosha mgongo, akaniuliza, "Na baba yako mlimwambia ana kiazi au ana sangari?"

Hapo ndipo ninapopaswa kukiri. Alhamisi tarehe 17 Juni 2021 nilipewa majibu ya baba, saratani ya koo la chakula, imeshafika kwenye ini, nikayaweka mfukoni, nikaenda kumwambia baba kwamba ni uvimbe tu, atapona. Nilisema hivyo karibu miezi mitano, nikawafundisha wote nyumbani waseme hivyo. Aliyekataa ni mmoja, shangazi Beatha, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Kifungilo, mtu ambaye hata sadaka ikiwa ndogo atasema ni ndogo. Alisema, "Kaka yangu si mtoto, mwambieni ana nini, ana mambo yake ya kupanga." Jumamosi tarehe 2 Oktoba nilimwona akija na kikapu cha matunda, nikateremka nikamkuta njiani, nikamwambia baba amelala na asije tena mpaka nimwite, na yeye akanitazama, akageuka na kikapu chake. Baba alipouliza kwa nini Beatha haji nilimwambia anaumwa mguu. Sikumwita. Baba alifariki Jumapili tarehe 14 Novemba. Katika daftari la tarehe 2 nimeandika mstari mmoja: "Nimemrudisha shangazi. Ni kwa ajili ya baba." Mpaka leo mama anaamini kwamba wifi yake alikataa kuja kwa ukaidi wake.

Sasa siku ile kwenye karoti mama alinimaliza kabisa. Alisema, "Baba yako alijua, Fanueli. Aliniambia, mwache mtoto aseme hivyo, inampa nguvu. Sasa na mimi nakuacha useme." Nililia pale pale, Mshauri, mtu mzima mwenye watoto watatu, na mama akanifuta kwa kanga akidhani nalia kwa sababu anakufa. Nikamuuliza nani afanye nini ili aamini. Akafikiri, akasema, "Beatha ana moyo mgumu lakini hana uongo. Aje yeye aniambie, nitapanda hicho kitanda chenu."

Daktari alisogeza tarehe mpaka 13 Mei, akasema tusisogeze tena. Jumatatu ya Pasaka nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta anachambua maharage, nikamwamkia shikamoo, akamaliza kwanza ungo wote.

"Marahaba. Umekuja kunifukuza na hapa kwangu?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akauliza mama analalaje, anakula nini, kisha akasema, "Wifi yangu nitamfuata hata kwa miguu. Lakini sikanyagi pale mpaka wewe, kwa mdomo wako, umwambie nani alinirudisha njiani."

Ndiyo shida yangu. Nikimwambia mama ukweli huo, nitakuwa nimethibitisha kwa kinywa changu kwamba mimi ni mwongo, tena mwongo kuliko alivyofikiri, na neno langu kuhusu uvimbe wake litakuwa limekufa kabisa. Nisipomwambia, shangazi haji, na mama hapandi kitanda. Usiku anakoroma kwa namna ambayo hakuwa nayo mwezi Februari. Nifanye nini?

Fanueli
Lushoto

MSHAURI ANAJIBU

Fanueli mdogo wangu, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekupenda, kwa hiyo vumilia nikukaripie.

Unasema ukikiri, neno lako kwa mama litakufa. Limeshakufa! Lilikufa kabla hujamfikisha hospitali. Mama yako haamini hata neno moja unalomwambia kuhusu ugonjwa, tofauti ni kwamba anakupenda kiasi cha kukufichia. Huna cha kulinda hapo zaidi ya aibu yako, na aibu yako haina uvimbe unaobana koo.

Simama pia kidogo uone ulichokifanya katika nyumba yenu, wewe na mapenzi yako. Umewafundisha watu wazima kwamba mgonjwa anayependwa hudanganywa. Sasa daktari amesema habari njema, na mama anaihesabu kuwa mbaya kwa sababu imesemwa kwa upole. Baba yako naye alikufa akikutunza wewe, badala ya wewe kumtunza yeye. Sikusemi ili ulie tena kwenye karoti. Nakusema kwa sababu unakaribia kurudia.

Kabla ya kukujibu nilizungumza na daktari wa upasuaji. Yule dada kijana aliwaeleza sawasawa. Uvimbe usio wa saratani hubaki mahali pake, mara nyingi ukiwa na ganda lake, hukua taratibu na hausambai. Wa saratani hupenya kwenye nyama ya jirani, na vipande vyake husafiri kwa damu na kwa mishipa ya limfu mpaka kwenye ini, mapafu au mifupa, ndiyo maana saratani ya baba yako ilifika kwenye ini. Lakini sikiliza vizuri, na wasomaji wengine mnaojishika shingo na matiti sasa hivi msikilize: tofauti hiyo haijulikani kwa kutazama, kwa kubonyeza, wala kwa maumivu. Upo mkubwa wa kutisha ambao si saratani, na upo mdogo usiouma kabisa ambao ni saratani. Anayejua ni yule aliyeweka sampuli chini ya darubini. Na kuwa si saratani hakumaanishi uachwe. Wa mama yako umekaa kwenye mlango wa pumzi.

Kuhusu kisu kuamsha saratani, mwambie mama kwamba wengi tunaowakumbuka walipelekwa hospitali wakati ugonjwa umeshasambaa, wakapasuliwa, wakafa, na kisu kikabebeshwa lawama. Mzee Rajabu simjui, sitasema lililomuua. Wewe pia usiseme.

Sasa fanya hivi. Jumamosi hii, usingoje nyingine, nenda Kifungilo ukamchukue shangazi, umwahidi kwamba utasema mbele yake kabla hajavuka kizingiti. Njiani, kabla hamjafika kwa mama, umwombe msamaha wa jambo lake mwenyewe. Ulimnyima kumuaga kaka yake. Hilo lingekuwa deni hata kama mama yako angekuwa mzima kama chuma, kwa hiyo usilitoe kama nauli ya kumfikisha mama hospitali. Asipokusamehe siku hiyo, nyamaza, tembea.

Mkifika, sema palepale mlangoni, kabla ya chai. Beba daftari, soma ule mstari wa tarehe 2 Oktoba kama ulivyo, na ule uongo wa mguu kama hukuuandika uuseme kwa mdomo. Usieleze kwamba ulikuwa na uchungu, mama anajua. Ukimaliza kaa kimya hata kama wanawake hao wawili watalia, watagombana au watakutoa nje. Wana miaka minne ya kuzungumza, na sehemu kubwa haikuhusu.

Halafu kosa moja ambalo wote watatu mnataka kulifanya, nalikataza. Shangazi Beatha ana ukweli, lakini hana darubini. Asimwambie mama "si saratani" kwa sababu wewe umemwambia. Akifanya hivyo, uongo na ukweli vitakuwa vimepita mlango uleule. Aende na mama kwa daktari, aone karatasi, aulize maswali yake ya kukera, na kama kuna muuguzi anayejua Kishambaa aisome kwa Kishambaa. Wewe kaa kwenye benchi nje.

Na mwombeni daktari amweleze mama yote, pamoja na yasiyopendeza. Kwamba sauti inaweza kukwaruza kwa muda, na mara chache ikabaki hivyo. Kwamba anaweza kuhitaji vidonge kila siku. Kwamba kipimo cha sindano ni cha kuaminika lakini hakuna wa kuapa, ndiyo maana uvimbe ukishatolewa unapelekwa maabara na kupimwa tena wote. Najua unataka kumficha hilo la mwisho. Usithubutu. Mtu aliyepewa mabaya pia ndiye anayeweza kuyaamini mazuri. Mama yako hajakataa upasuaji. Amekataa kupelekwa amefumbwa macho, na mimi namuunga mkono.

Akishasikia yote hayo, uamuzi ni wake. Mwulize mara moja, umsikilize. Ila wakati mkisubiri, akianza kuvuta pumzi kwa mluzi akiwa amekaa tu, akishindwa kulala chali, au chakula kikikwama, msisubiri tarehe wala kikao cha ukoo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Jambo la mwisho. Wiki chache baada ya upasuaji majibu ya maabara yatatoka. Utakuwa umesimama dirishani, karani atakuona wewe mwanamume mwenye umri wako, atakukabidhi bahasha na kukuambia mpelekee mgonjwa wako. Vidole vyako vitataka kuifungua ili ujue kwanza, upange sura ya kwenda nayo nyumbani. Usiifungue, Fanueli. Jina lililoandikwa juu yake ni la mama yako.