Litungu Jepesi la Babu Werema

Machochwe, 3 Juni 2014

Mke wangu Wegesa,

Pokea salamu zetu. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la hiyo karakana? Huku tunaamka na kulala. Bibi yako Boke anasema kwenye picha umekonda. Nakuandikia barua kwa sababu simu inanivumia tu sikioni.

Mwaka jana niliwaambia kwamba nimeacha kupiga litungu, kinubi cha wazee wetu, kwa ajili ya kanisa. Haikuwa kweli. Siwezi kulinyanyua. Lile bakuli lake la mti lina uzito wa ndama, na vijana waliokuwa wakinibebea wote wamekimbilia dhahabu. Nilitaka fundi wetu Mseti anichongee dogo, lakini naye amefunga kazi. Siku hizi anachonga mwamba, shimoni.

Wewe unatengeneza paa za magari ya watalii kwa kitambaa cha kaboni. Je, bakuli la litungu linawezekana? Lukmani wa Mugumu anawauzia wachimbaji epoksi, gundi ya kuzibia pampu. Ni rahisi, na inaganda kabla chai haijapoa. Nimekutumia makopo mawili kwa basi. Ngozi na nyuzi niachie mimi.

Babu yako, Werema


Arusha, 15 Juni 2014

Shikamoo babu,

Natumaini mguu haujavimba tena. Mimi mzima, na mwambie bibi ninakula.

Makopo yamefika. Nilipochanganya la kwanza lilifuka moshi, kikombe kikayeyuka mkononi mwa Felix, mwenzangu hapa karakana, kikamchoma kidole. Anauliza babu yangu ana ugomvi gani naye.

Babu, sisi hatupaki kwa brashi. Tunatandika kitambaa kikavu kwenye umbo, tunakifunika kwa nailoni, pampu inavuta hewa yote, ndipo rezini, yaani hiyo epoksi ikiwa bado majimaji, inanyonywa kupita kwenye nyuzi. Ikiwa nzito inakwama njiani. Ikiwa ya haraka inaganda kabla ya kufika. Inatakiwa nyepesi kama mafuta ya kula, tena ya polepole. Iliyo maalumu kwa kazi hii inatoka Nairobi na bei yake ni ng'ombe. Vipande vya kaboni bosi amenipa bure, lakini kwa rezini nivumilie hadi Desemba. Kwani una haraka gani?

Mjukuu wako, Wegesa


Machochwe, 26 Juni 2014

Mke wangu,

Barua imenikuta nikiota jua. Mpe Felix pole, na uniambie kama kidole kimepona.

Umeuliza nina haraka gani. Nilianza kukujibu kwa utani, nikachana karatasi. Daktari anasema figo zangu zimechoka. Desemba ni mbali. Bibi yako anajua, sasa na wewe. Usilie juu ya kaboni, maji yataiharibu.

Sina malalamiko. Nimekula, nimezaa, nimefundisha kemia mpaka chaki ikaingia damuni. Nataka kupiga siku moja tu, watu wacheze, basi.

Nimefikiria moshi wa Felix. Epoksi ikiganda hutoa joto, na ikirundikana joto halina pa kutokea. Sasa, wale wanaomwaga rezini nene kwenye meza za mbao za mahotelini, mbona meza hazichemki? Lazima yao inaganda polepole. Na lazima ni nyepesi, ili mapovu yapande juu yatoke. Nenda kawaulize.

Babu yako


Arusha, 20 Julai 2014

Shikamoo babu yangu,

Umeamkaje? Nimelia, ila mbali na karakana.

Nilikwenda kwa Shamsudin, fundi wa hizo meza. Akacheka: "Dada, hii ni ya meza, wewe unataka kukinyonyesha kitambaa?" Nikamwambia ameniagiza mwalimu wangu wa kemia. Ni nyepesi kama ulivyosema, inachukua siku nzima na zaidi kushika, na bei yake ni mbuzi, si ng'ombe. Nilijaribu kwenye sahani kwanza. Ikatambaa hadi ukingoni bila kuacha doa kavu, na Felix amebaki na vidole vyote.

Bakuli liko tayari, linakuja kwa basi la kesho. Unaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Usiliache juani, rezini hii inalegea kwenye joto kali. Likizo yangu ni mwisho wa Agosti. Lipige, usinisubiri.

Wegesa wako


Machochwe, 11 Agosti 2014

Mke wangu Wegesa,

Hujambo huko? Mimi leo sijambo kweli, si ya kujibu salamu.

Jumamosi nilipiga, kivulini nyuma ya ghala. Sauti si ile ya mti, ni kali kidogo. Wazee walinuna mpaka wimbo wa pili, kisha wakasahau. Waisiko, jirani yetu, akauliza, "Mwalimu, hiyo sufuria umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Ni mahari yangu, nimeolewa Arusha."

Katika wimbo wa nne vidole viligoma. Kabla sijaliweka chini, bibi yako akalichukua, akaliweka magotini. Lile la mti asingeliweza, na hapa kwetu mwanamke kushika litungu si kawaida. Akapiga. Wimbo wangu mwenyewe, Wegesa, bila kukosea. Amekaa karibu nami miaka yote hiyo akisikiliza.

Maisha yangu yote watu wamecheza, mimi nimekaa, mpigaji hachezi. Safari hii nilisimama, nikashika bega la Waisiko, nikacheza. Boke anasema nilikuwa kama ng'ombe anayetoka joshoni.

Nimechoka vizuri. Ukinikuta, utanicheka. Usiponikuta, mwambie bibi yako akupigie, ucheze.

Babu yako, mumeo mzee,
Werema