Mtangazaji Akirudi, Mimi Nimeachika

Bibi Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Temeke, na ninakuomba shauri kabla maji hayajazidi unga, kwa maana mtaa mzima unazungumza habari za redio kwa furaha na mimi peke yangu ndiye ninayezisikia kwa hofu.

Bila shaka unamjua Bwana Shomari, mtangazaji wa salamu za Jumamosi. Yeye alisema redioni kwamba wako wanaume mjini hapa wanaojua sana nani kacheza mpira vibaya lakini hawajui unga wa nyumbani kwao umetoka wapi, kwa sababu wao wanashinda barazani na wake zao wanashinda motoni, na maneno hayo yaliposikika hotelini kwa Jamali, ambako ndiko iliko redio ya mtaa wetu, watu wote walimgeukia mume wangu Nassibu wakacheka, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaanga vitumbua na yeye tangu alipogombana na msimamizi wake bandarini hajapata kazi nyingine, wala sijamwona akiitafuta.

Tangu siku ile Shomari hasikiki. Wengine wanasema kafukuzwa, wengine wanasema kapumzishwa tu mpaka wazee waliokwenda kulalamika wapoe, wenyewe redioni hawatamki neno, na salamu anazisoma mtu mwingine ambaye ukimsikiliza unapata usingizi. Basi hapo kwa Jamali watu wamekuwa makundi mawili, wanaotaka arudi na wasiotaka hata kumsikia jina, na siku moja ubishi ulipopamba moto mtu mmoja akamwambia Nassibu, "We unamchukia kwa sababu kasema kweli." Mume wangu akasimama akasema mbele ya wote, "Wallahi, mtu huyu akisikika tena kwenye redio hii, Somoe nimemwacha." Nami wakati ule nipo nyumbani kwenye karai langu, sina habari kwamba ndoa yangu imetundikwa.

Niliambiwa na wateja. Nilipomuuliza alijibu, "Mie nilikuwa nabishana na wanaume wenzangu, yale hayakuhusu." Nikamwambia mwenye kuachwa ni mimi, yatakosaje kunihusu? Akasema mwanamume hali matapishi yake, akavaa kofia akaenda zake barazani.

Sasa wanaomtaka Shomari wananunua vitumbua vyangu huku wananipa pole, na mmoja aliniambia waziwazi, "Dada Somoe, tunakuhurumia, lakini Jumamosi bila Shomari imekuwa kama matanga." Mwingine, mtu mzima mwenye wake wawili, ameniuliza kwa mzaha kama eda yangu itaanza mwezi gani. Na Nassibu amejiunga na wazee wanaokwenda kumwona bwana mkubwa wa redio ili Shomari asirudishwe kabisa, kila wakienda ninamfulia kanzu na kuipiga pasi, naye akirudi ananiambia, "Naipigania ndoa yetu, na we hata asante huna."

Bibi, mimi yale maneno ya Shomari niliyasikia kwa masikio yangu, maana redio ya Jamali husikika mpaka uani kwangu, nikacheka mpaka machozi, kwa sababu yalikuwa kweli. Leo nikimaliza kusali naona haya kuinua mikono. Nimwombe Mungu mtu asiyenikosea anyimwe riziki yake ili mimi nibaki na mume? Au niombe arudi, niingie eda kwa sababu ya salamu za Jumamosi? Nifanye nini?

Somoe, Temeke.

*

Somoe mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenitia uchungu, kisha ikanitia hasira, na hasira yenyewe si ya mumeo peke yake.

Mimi si sheikh, na hoteli ya Jamali si mahakama. Mwite kaka yako au mjomba wako, yeyote anayeweza kusema na Nassibu bila kumwogopa, mwende pamoja kwa kadhi wiki hii, kabla redio haijaamua lolote. Mumeo ayarudie maneno yake kama alivyoyasema, bila kupunguza. Kadhi ndiye atakayewaambia kama kiapo kile kina njia ya kutoka au hakina, na kama talaka itaanguka, ni moja yenye rejea au ni zaidi. Usikubali kufundishwa sheria na wanywa kahawa.

Na ikianguka, utakaa eda yako kwa heshima, na karai lako usilizime, maana ndilo lililokuwa likiilisha nyumba hiyo hata alipokuwapo mwanamume. Yule mwenye wake wawili mwuzie vitumbua vyake afunge safari. Huna deni kwake la radhi wala la jibu.

Sasa nikukaripie kidogo. Unampigia mtu pasi kanzu ili akakuombee usiachwe na yeye mwenyewe? Kanzu hiyo aipige pasi mwenyewe. Tena acha kusumbuka kwa dua. Riziki ya Shomari usiiguse, arudi ama asirudi. Omba upate akili na nguvu, hayo hayamdhuru mtu.

Mwambie Nassibu kwamba alikutaja mbele ya watu, basi na radhi akutake mbele ya watu wale wale, pale pale, kahawa ikiwa mkononi mwao. Akifanya hivyo, kaa naye mtazame kadhi anasemaje. Akikataa, chukua vyombo vyako urudi kwenu udai haki yako ukiwa huko. Usikae ukisubiri Jumamosi.

Kwa maana hata Shomari asiporudi maisha, utakuwa umepona nini? Kesho watabishana habari ya mpira, na mumeo atatafuta tena kitu cha kuapia. Mabwana wa redio wataamua mambo yao bila kujua kwamba Temeke kuna mwanamke aitwaye Somoe, na kwa hilo siwalaumu. Nassibu alikuwa anakujua.